Mashine ya mkanda wa msasa kwa karakana ya visu: mwongozo kwa mnunuzi wa Bujumbura

BUJUMBURA. Fundi wa visu anayefanya kazi kwa tupa na grenda ya mkononi hufika siku akaona kazi imemzidi. Hoteli za kando ya Ziwa Tanganyika zinataka visu vya jikoni vinavyofanana, wachinjaji wanataka visu vyembamba vyenye makali ya kudumu, wauza mukeke wanataka vya kupasulia samaki, na wakulima wa michikichi wa Rumonge nao wana mahitaji yao. Hapo ndipo linapoanza wazo la kununua mashine ya mkanda wa msasa, yaani mashine inayozungusha mkanda wa kitambaa wenye chembe za kusugulia ili kulipa bapa la kisu umbo lake na kutoa mteremko wa makali.

Wanunuzi wengi huuliza kwanza mota ina nguvu kiasi gani. Kwa Bujumbura swali la kwanza linatakiwa kuwa jingine: mkanda wa mashine hii utapatikana wapi mwezi ujao, na mwezi utakaofuata? Mashine hununuliwa mara moja, lakini mikanda huisha kila wiki, na karibu yote huvuka mpaka kabla ya kufika karakanani. Mashine nzuri yenye mkanda usiopatikana hugeuka kuwa meza ya kuwekea ndoo.

Mwongozo huu unaeleza mambo ya kupima kabla ya kulipa, kwa mpangilio unaomfaa fundi wa Buyenzi, Bwiza au kwingineko jijini.

VIPIMO VYA MKANDA

Kipimo cha mkanda huandikwa kwa upana na urefu. Vinavyokutwa zaidi ni hivi:

- Milimita 25 kwa 762 (inchi 1 kwa 30). Ni mashine ndogo ya mezani. Inafaa kunolea visu vilivyokwisha kutengenezwa na kusafisha mipini. Kwa kutengeneza kisu kutoka kwenye chuma kizito ni dhaifu, na mkanda wake huisha haraka.

- Milimita 100 kwa 914 (inchi 4 kwa 36). Mara nyingi huuzwa pamoja na sahani ya msasa ya mviringo pembeni. Ni mashine ya maseremala. Inaweza kusawazisha chuma, lakini upana wake unamsumbua fundi anapofika karibu na mpini, na nyingi hazibadiliki mwendo.

- Milimita 50 kwa 1,220 (inchi 2 kwa 48). Ni ya kati. Inafaa karakana yenye fundi mmoja na nafasi ndogo.

- Milimita 50 kwa 1,830 (inchi 2 kwa 72). Hiki ndicho kipimo kilichozoeleka zaidi kwa watengenezaji wa visu duniani, hasa Marekani. Kwa sababu hiyo ndicho chenye aina nyingi zaidi za mikanda ya kazi ya visu.

- Milimita 50 au 75 kwa 2,000. Ni vipimo vya viwanda vya Ulaya. Mashine hizi huwa imara, lakini mnunuzi ahakikishe kwanza kuwa muuzaji wa mikanda anayemtegemea anavyo vipimo hivyo.

Hesabu ndogo inasaidia kulinganisha. Mkanda wa 25 kwa 762 una eneo la milimita za mraba 19,050. Mkanda wa 50 kwa 1,830 una eneo la 91,500, yaani karibu mara tano. Chembe ni nyingi zaidi, na kila sehemu ya mkanda hupata muda wa kupoa kabla ya kurudi kwenye chuma. Ndiyo maana mkanda mrefu hudumu zaidi na hauchomi kisu upesi.

Kabla ya kuchagua kipimo, fundi azungukie maduka ya vifaa vya ujenzi na useremala jijini, kisha apige simu kwa wauzaji wa Dar es Salaam, Kampala au Nairobi. Aulize mambo mawili: kipimo kipi kipo dukani leo, na kipimo kipi kiliwahi kukosekana mwaka uliopita. Kipimo chenye wauzaji wawili au zaidi katika nchi mbili tofauti ndicho salama. Sababu inajulikana kwa kila mfanyabiashara wa jiji hili: mwezi Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda, na waliotegemea njia hiyo peke yake walilazimika kutafuta nyingine.

MOTA NA UMEME

Umeme wa Regideso ni wa volti 220 kwa njia moja, na karibu volti 380 hadi 400 kwa njia tatu, wenye mzunguko wa hezi 50. Karakana nyingi ndogo zina njia moja tu. Kwa hiyo mnunuzi asome kibao cha mota kabla ya kitu kingine chochote.

Mashine ya soko la Marekani huandikwa volti 110 au 120 na hezi 60. Kuichomeka moja kwa moja katika soketi ya Bujumbura ni kuiunguza. Mashine iliyonunuliwa Kenya, Uganda au Tanzania huwa na volti zinazofaa, ila plagi yake ni ya miguu mitatu ya bapa, wakati soketi za Burundi ni za miguu ya mviringo kama za Ufaransa. Plagi ibadilishwe na fundi umeme, na waya wa ardhi uunganishwe kweli kweli. Adapta ya bei ndogo isiyo na waya wa ardhi haifai kwa mashine ya chuma.

Kwa mkanda wa upana wa milimita 50, mota ya kilowati 1.1 hadi 1.5 (takriban nguvu za farasi 1.5 hadi 2) inatosha karakana nyingi. Chini ya kilowati 0.75 mkanda husimama fundi anapokandamiza chuma. Juu ya kilowati 2.2 umeme wa njia moja huanza kuwa kikwazo.

Mota iwe imefungwa kabisa, feni yake ikiwa nje. Vumbi la chuma linapitisha umeme. Mota yenye matundu, kama zile zinazotolewa kwenye mashine za kufulia, hunyonya vumbi hilo na kuungua ndani.

Jambo jingine ni kuwasha. Mota ya kawaida inapoanza huvuta umeme mara 5 hadi 7 ya kiwango chake cha kazi. Mwenye kutegemea jenereta umeme unapokatika asiipige hesabu kwa kilowati za kibao tu. Mota ya kilowati 1.5 inayowashwa moja kwa moja huhitaji jenereta ya kVA 4 au 5 ili iondoke bila kukwama. Na kwa kuwa mafuta ya petroli na dizeli yamekuwa yakiadimika Burundi mara kwa mara, karakana inayopanga kuishi kwa jenereta ipige hesabu hiyo mara mbili.

Inashauriwa pia kupima volti za karakana jioni, wakati majirani wote wamewasha. Zikishuka sana, mota hupata joto na kupoteza nguvu. Mara nyingi dawa yake ni waya mnene zaidi kutoka kwenye mita ya Cash Power hadi kwenye mashine, na hakuna haja ya kununua mota kubwa.

MWENDO WA MKANDA

Mwendo wa mkanda hupatikana hivi: kipenyo cha gurudumu la mota kwa mita, mara 3.14, mara mizunguko ya mota kwa dakika, gawanya kwa 60. Jibu ni mita kwa sekunde.

Kwa umeme wa hezi 50, mota ya poli 2 huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika, na ya poli 4 karibu mara 1,400. Hivyo:

- Gurudumu la milimita 100 kwa mota ya 1,400: karibu mita 7 kwa sekunde.
- Gurudumu la milimita 150 kwa mota ya 1,400: mita 11.
- Gurudumu la milimita 100 kwa mota ya 2,800: karibu mita 15.
- Gurudumu la milimita 150 kwa mota ya 2,800: mita 22.

Kuondoa chuma kingi kunataka mita 15 na zaidi. Kumalizia kisu kilichokwisha kutiwa ugumu kunataka chini ya mita 10, kwa sababu joto huharibu kazi. Visu vingi vya ukanda huu hutengenezwa kwa springi kuukuu za magari. Chuma hicho kikitiwa ugumu vizuri huchukua makali mazuri, lakini hulegea tena kikipata joto kupita kiasi mashineni. Rangi humwambia fundi: manjano hafifu ni joto la nyuzi 200 hadi 230, na bluu ni karibu nyuzi 300. Makali yaliyogeuka bluu yamekwisha kulainika, na kuyapiga msasa hadi yang'ae hakurudishi ugumu wake. Mteja atagundua baada ya wiki moja jikoni.

Mashine yenye mwendo mmoja isiyo na namna ya kubadilisha ni bora iwe ya mita 10 hadi 12, na fundi achovye kisu majini kila baada ya kupitisha. Mashine yenye puli za ngazi hutoa miendo miwili au mitatu kwa gharama ndogo, na haina elektroniki ya kuharibika.

Kidhibiti mwendo cha kielektroniki ndicho bora kwa anayeweza kukimudu. Huchukua umeme wa njia moja wa volti 220 na kuipa mota umeme wa njia tatu, hivyo karakana isiyo na njia tatu huweza kutumia mota ya njia tatu. Huwasha mota polepole, jambo linalopunguza mzigo wa jenereta. Mambo mawili yaangaliwe. Mota iwe ya volti 230/400 na ifungwe kwa muungo wa pembetatu. Na kidhibiti kiwe ndani ya kasha lililozibwa dhidi ya vumbi, au kifungwe chumba cha pili. Kilicho wazi kikiwekwa kando ya cheche hakidumu.

FREMU, MAGURUDUMU NA BERINGI

Mashine ya kisu inahitaji sehemu nne: gurudumu la mota linalovuta mkanda, gurudumu la kurekebishia linaloufanya mkanda ukae katikati, springi ya kukaza, na sehemu ya kusugulia. Sehemu hiyo ya mwisho inaweza kuwa bamba bapa la kuegemea au gurudumu kubwa la mpira. Bamba hutoa mteremko ulionyooka, nalo gurudumu hutoa mteremko uliobonyea kidogo. Anayeanza aanze na bamba. Gurudumu la mpira ni ghali na litaongezwa baadaye, mradi fremu ina nafasi ya kulichomeka.

Dukani, mashine izungushwe kwa mkono kwanza, kisha iwashwe bila kazi. Mkanda ukitangatanga kushoto na kulia, au meza ikitetemeka, magurudumu hayakuchongwa sawa. Kasoro hiyo haiponi kwa kukaza bolti.

Namba za beringi ziandikwe kabla ya kununua. Beringi za 6202 na 6203 hutumika katika pikipiki na mota nyingi, hivyo mafundi magari wa Buyenzi wanazifahamu. Beringi ya namba ngeni ni safari nyingine ya kuvuka mpaka.

KUNUNUA AU KUUNDA

Njia ya tatu, mbali na mashine mpya na mtumba, ni kuunda. Fremu ya bomba la mraba inaweza kuchomelewa hapa hapa Bujumbura, na magurudumu yakachongwa kwa mashine ya kukerezea. Karakana za Kamukunji jijini Nairobi, Katwe jijini Kampala na Gerezani jijini Dar es Salaam zimezoea kuunda mashine kwa oda, na SIDO ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ipo kwa ajili ya kusaidia viwanda vidogo vya namna hiyo.

Faida ya kuunda ni kwamba mnunuzi huchagua kipimo cha mkanda kinacholingana na soko lake, na vipuri vyote vinajulikana. Hatari yake ni magurudumu yasiyo na mizani na kukosekana kwa kinga. Fedha zikiwa chache, fremu iundwe hapa, lakini mota na magurudumu yanunuliwe mapya.

NJIA ZA MZIGO NA FORODHA

Mzigo wa baharini kwa Bujumbura hupitia zaidi Dar es Salaam. Kutoka huko huja kwa barabara hadi kituo cha pamoja cha mpakani cha Kabanga na Kobero, au kwa reli hadi Kigoma kisha kwa meli hadi bandari ya Bujumbura. Kigoma ina barabara pia, kupitia Manyovu na Mugina. Mashine ni nzito, basi isafiri na mzigo mwingine. Mikanda ni myepesi, na inaweza kuja kwa kifurushi cha basi.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007 na kujiunga na Umoja wa Forodha mwaka 2009. Bidhaa za kutoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa pamoja wa viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na kiwango cha nne cha asilimia 35 kiliongezwa Julai 2022. Kwa kawaida mitambo ya uzalishaji huwekwa kwenye kiwango cha chini, na bidhaa zilizokamilika kwenye viwango vya juu. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, na hukusanywa na OBR.

Kwa hiyo maandishi ya ankara yana thamani ya fedha. Mashine za kusugulia chuma zimo katika kifungu cha 8460 cha orodha ya forodha, za mbao ni 8465, na msasa wa kitambaa ni 6805. Ankara iliyoandikwa "vifaa mbalimbali" humpa ofisa wa forodha nafasi ya kukisia, na makisio hayo hayamfaidishi mwenye mzigo. Kila kitu kiandikwe kwa jina lake, idadi na bei, na wakala wa forodha aulizwe kiwango kabla mzigo haujaondoka.

Mashine iliyoundwa ndani ya Jumuiya na kutimiza kanuni za uasilia hailipiwi ushuru wa forodha ikiwa na cheti chake. Kwa mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 kuna cheti kilichorahisishwa, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha yake.

HESABU YA MIKANDA

Chukua mfano wa karakana inayotumia mikanda 4 kwa wiki. Kwa mwaka ni mikanda 208. Ikiwa mashine ya kipimo adimu inaongeza faranga 5,000 tu kwa kila mkanda, mwenye karakana atalipa faranga 1,040,000 zaidi kila mwaka. Punguzo alilopewa siku ya kununua mashine litakuwa limekwisha zamani. Kila fundi aweke tarakimu zake mwenyewe katika hesabu hii.

Kwa kuondoa chuma, namba 36 hadi 60 ndizo za kuanzia, kisha 120, 240 na 400 kwa kumalizia. Mikanda ya chembe za kauri ni ghali lakini hudumu katika kazi nzito, ikiwa mota ina nguvu na mkanda unakwenda kasi. Katika mashine dhaifu, fedha hiyo inapotea. Ya zirkonia ni ya kati. Ya oksidi ya aluminiamu ni ya bei ndogo na inafaa kumalizia na kwa mipini.

Uhaba wa fedha za kigeni, ulioibana Burundi tangu mwaka 2015, huwashawishi wengi kununua mikanda ya mwaka mzima kwa mara moja. Tahadhari inatakiwa. Kiungio cha mkanda ni gundi, na gundi huchoka kwa unyevu na umri. Hewa ya ziwani ni ya unyevu, hasa wakati wa mvua. Akiba ya miezi mitatu hadi sita inatosha. Mikanda itundikwe juu ya bomba nene, mbali na sakafu na dirisha, na isikunjwe. Mkanda uliounganishwa kienyeji kwa gundi ya dukani usitumike katika mashine ya kasi, kwa sababu ukikatika hupiga usoni.

USALAMA

Miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi ya daraja la P2 au zaidi ni sehemu ya bei ya mashine, na zinunuliwe siku ile ile. Glavu zisivaliwe karibu na mkanda unaozunguka, maana zikinaswa huvuta mkono. Vumbi la mbao za mipini lisafishwe kabla ya kuanza kazi ya chuma, kwa kuwa cheche moja inatosha kuliwasha. Ndoo ya maji iwe karibu kwa kupozea kisu, na swichi iwe mahali fundi anapoweza kuifikia bila kuvuka mkanda.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

1. Kipimo cha mkanda ni kipi, na nani wawili wanakiuza katika nchi mbili tofauti?
2. Kibao cha mota kinasema volti ngapi, hezi ngapi, njia moja au tatu?
3. Mota imefungwa dhidi ya vumbi?
4. Mwendo wa mkanda ni mita ngapi kwa sekunde, na unabadilika?
5. Beringi ni namba gani?
6. Mkanda unakaa katikati mashine inapowashwa?
7. Bei ni ya kufikia wapi: dukani, mpakani, au karakanani baada ya ushuru na kodi?
8. Mikanda mingapi ya kwanza imo katika bei hiyo?

Muuzaji anayeijua biashara yake hujibu maswali haya manane kwa dakika chache. Anayeshindwa kujibu la kwanza anauza chuma tu, na fundi anayehitaji kutoa visu vya oda kila wiki aendelee kutafuta.